Karatasi ya Njugu

Maneno haya niliyasema jioni moja katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya waandishi na wachoraji vijana walioniita niwaeleze habari za kujichapishia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Pale niliporudia jambo mara tatu, nimefuta mara mbili.

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu, wanangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Kuna kapu linapita. Ndani mna njugu. Kila mtu achukue koni moja, na tafadhali maganda msiyaangushe, maana mwenye ukumbi ameniusia juu ya sakafu yake kama mtu anayeusia mali ya yatima. Kuleni. Karatasi zenyewe msizitupe, tutazirudia.

Mimi nimekulia mitaa ya hapa hapa. Jumapili jioni tulikuwa tukipelekwa ufukweni Mama Ngina kupunga upepo wa bahari, na baba akitununulia njugu, koni moja kwa kila mtoto. Siku zile njugu zilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: madaftari ya shule yaliyokwisha, risiti za mizigo, mitihani iliyokwisha sahihishwa. Wenzangu walikula wakatupa. Mimi nilikunjua nikasoma. Nimesoma hesabu za watoto nisiowajua, na nikaona walipokosea. Siku moja nikapata nusu ya barua ya mapenzi, imekatwa kwa mkasi katikati ya sentensi, pale kijana anaposema "na ukinikatalia mimi". Basi. Hadi leo sijui angefanya nini.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na vichache vimenishika kama ile nusu barua. Ilinijia mkononi ikiwa na chumvi na mafuta, mbele ya bahari, na hakuna aliyekusudia nisome.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na mswada wa mashairi. Niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, ukakaa huko miaka miwili. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa mashairi hayauziki mpaka yaingie shuleni, na yangu si ya kuingia shuleni. Huenda walikuwa na haki. Nilitoka nimenuna, nikatembea kwa miguu, na njiani nikasimama kwa muuza njugu. Nikamwuliza: "Baba, nikikuletea karatasi safi, bure, utafungia njugu?" Akanitazama juu mpaka chini. "Zina nini hizo karatasi? Siasa?" Nikamwambia, mashairi. "Ya nani?" Yangu. Akafikiri kidogo. "Lete mia mbili tuone."

Nikaenda duka la fotokopi nikatoa nakala 100 za A4, mashairi mawili kwenye kila moja, nikazikata kati kwa kati zikawa vipande 200. Nilijiona mjanja kweli. Siku ya pili mzee akanipigia simu: "Watu wanasema mashairi yako hayana mwisho."

Nilikwenda kutazama. Koni husokotwa kuanzia pembe, na ile pembe ya chini ndiyo inayokuwa ncha. Beti langu la mwisho lote lilikuwa linasokotwa kwenye ncha, linalowa mafuta, na mtu akifungua linachanika. Kibwagizo, ule mshororo wa mwisho nilioutolea jasho usiku mzima, kilikuwa kinaishia kwenye pipa la taka pamoja na maganda.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama bahari yangu mwenyewe, nikimaanisha bahari ya shairi, yaani umbo lake. Mnajua shairi letu la kawaida: mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Ni pana. Limezoea kuandikwa kwenye karatasi iliyolala, au kuimbwa na mtu mwenye pumzi. Koni haina upana huo, na kadiri unavyoshuka inazidi kubana. Nikajaribu utenzi, mizani nane tu kwa kipande, ukakaa vizuri juu, ukabanwa chini. Mwishowe nikakumbuka msuko, ambao mwalimu wangu wa sekondari aliutaja siku moja akapita haraka kama anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Katika msuko kibwagizo hufupizwa. Mishororo inakwenda mirefu mirefu, halafu ule wa mwisho unakatika. Umbo hilo ndilo hasa koni inalotaka. Washairi waliotangulia walikuwa wameshanitengenezea, nami sikujua lilikuwa la nini.

Kulikuwa na jambo la wino pia. Wino wa fotokopi ni unga, nao hunata kwenye karatasi kwa kuyeyushwa na moto. Sikutaka uguse chakula cha watu. Kwa hiyo nikachapa upande mmoja tu, na mzee akawa anasokota maandishi yakiwa nje. Likatokea jambo ambalo sikulipanga. Mwenye njugu zake hawezi kulisoma shairi lake mpaka amalize kula, lakini aliyeketi mkabala naye analiona. Watu wakaanza kusomeana koni. Nimewaona kwa macho yangu, mabenchi yale ya baharini, mtu anamwambia mwenzake, "Zungusha kidogo."

Na yule mzee akawa mhariri wangu. Sisemi kwa mzaha. Nilikuwa na shairi moja la talaka, ambalo mimi ndilo nililolipenda kuliko yote. Akaniambia: "Hili usiniletee tena Jumamosi. Jumamosi watu wamekuja na wachumba." Nikamwuliza, basi Jumatatu? "Jumatatu watu wana huzuni zao wenyewe." Lilikwenda Jumatano. Huwezi kuamini ni mara ngapi nimekumbuka maneno hayo nikipanga mfuatano wa mashairi kitabuni.

Nimekaa sana kwenye njugu kwa sababu kila nililonalo la kuwaambia limo humo. Wengi wenu mnakuona kujichapishia kama mlango wa uani, wa waliokataliwa mlango wa mbele. Mimi mwenyewe niliingilia huko kwa hasira. Lakini tangu siku ile niliyofupisha kibwagizo kwa ajili ya ncha ya koni, siwezi tena kutunga bila kujua karatasi ina ukubwa gani, itakunjwa vipi, itashikwa na nani, akiwa wapi, saa ngapi. Mambo ambayo nilidhani ni ya kiwanda na ya dukani yameingia ndani ya utunzi, na kuyatoa siwezi. Kwa hiyo nikisema kujichapishia ni sanaa, sisemi ili nijipambe. Nasema kwamba kukunja, kuhesabu nakala na kuzipeleka ni kazi ileile ya kutafuta vina, inafanywa kwa mikono.

Na hatukuanza sisi.

Mwaka 1858, kule visiwa vya Lamu, mshairi Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Alimwita binti yake aje aketi karibu, aje na wino na karatasi. Angalieni alivyoanza: kabla ya wasia wenyewe, anataja vifaa. Msomaji wake ni mmoja, na amekaa mbele yake. Halafu utendi wake wa wasia unapokaribia mwisho anawaita wanawake wote wausome. Kati ya beti za mwanzo na za mwisho yule msomaji mmoja amekuwa umma, na nakala zikaendelea kuandikwa kwa mkono. Mtu ataniambia huko si kuchapisha, hakukuwa na mashine. Namjibu kwamba mashine ni chombo cha kuongeza nakala. Uamuzi wa kutoka kwa mmoja kwenda kwa wote ulikwisha fanywa na mama yule kitandani.

Visiwa hivyo hivyo, Siyu ilikuwa na waandishi walionakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi zilizovuka bahari kutoka ng'ambo, nyingine za Italia. Nikiona picha za kurasa zile naangalia pambizo. Pambizo zao ni pana, zina nafasi ya mapambo na ya mkono wa msomaji. Ninyi mnaobana maneno hadi ukingoni ili mpunguze idadi ya kurasa, nendeni mkazitazame.

Hapa Mvita penyewe, mwaka 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa. Jina lenyewe maana yake ni ukurasa. Kiswahili kwa hati za Kiarabu, makala fupi fupi, akiwasemeza watu wa mji wake juu ya elimu, desturi zao na hali yao chini ya wakoloni. Mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Mimi si mwanachuoni, sitaingia katika mafundisho yake. Ninachokiangalia ni kipimo. Mtu mwenye elimu ile angeweza kuandika mijalada. Akachagua ukurasa. Alijua wasomaji wake wanakaa wapi jioni, na barazani mijalada haisomwi.

Upande wa pili yupo Muyaka bin Haji. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu wa mji huu, katika siku za Mazrui na Waomani, yakichoma na kuponya. Alifariki yapata 1840. Yaliyobaki yalikusanywa baadaye sana na Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na diwani ikatoka Johannesburg mwaka 1940. Miaka mia moja! Hati zenyewe ziko London. Sisi tunaotoka Kuze hadi Ndia Kuu kwa dakika chache inatubidi tupande ndege tukaone mashairi ya jirani yetu. Simlaumu Muyaka. Sauti ilikuwa ndiyo chapa yake, na ilimfaa. Lakini nikisikia kijana anasema ataandika tu, mengine Mungu anajua, huwa nahesabu ile miaka mia.

Sasa kina mama, msidhani nimewasahau, nakuja kwenye leso, kanga zenu. Mfanyabiashara wa mji huu, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa aliingiza maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, na duka lile la mtaa wa Biashara mnalijua. Maneno ya leso yanapigwa chapa kiwandani, maelfu kwa maelfu, hayana hata jina la mtunzi. Lakini ninyi mnajua kwamba leso ikiwa bado dukani haijasema kitu. Inasema siku ile mtu anapoichagua, anaifunga, anapita mbele ya mlango wa fulani, taratibu, na kurudi. Nani mchapishaji hapo? Mimi nasema ni yule aliyepita mlangoni. Amechagua neno, msomaji, saa na njia. Nakala yake ni moja na imefika. (Naona mnacheka, na wawili watatu hawacheki. Hao nao leso zao zilifika.)

Na kuna wakati kujichapishia si mchezo wa njugu wala leso. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Waraka tu, wa kupitishwa mkono kwa mkono. Ulimgharimu miaka mitatu gerezani. Huko ndani akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi yale yakatoka kitabuni mwaka 1973 na kampuni kubwa kabisa. Kitabu kinasomeshwa. Waraka ndio uliomtia ndani. Karatasi chache zilizoandikwa na mtu asiye na kampuni nyuma yake ziliogopwa namna ile, na nadhani ziliogopwa kwa sababu hapakuwa na meza ya mhariri ambapo zingeweza kuzuiwa.

Huko nje nako wamo, na nitawataja wawili. William Blake, wa London, alikuwa mchoraji wa nakshi za shaba. Mwaka 1789 alitoa kitabu cha mashairi alichokichapa mwenyewe, kwa njia aliyoibuni mwenyewe: anaandika juu ya bamba la shaba kwa kitu kisicholiwa na tindikali, anaandika kinyumenyume ili chapa itoke sawa, kisha tindikali inakula sehemu zilizobaki na maandishi yanasimama. Maneno na picha vinatoka pamoja katika bamba moja. Yeye na mkewe Catherine wakapaka rangi kwa mkono, kwa hiyo hakuna nakala mbili zilizofanana. Wapo wanaomhesabu kuwa mshairi na wapo wanaomhesabu kuwa mchoraji. Bamba halikuwatenganisha hao wawili.

Wa pili ni Ed Ruscha, Mmarekani. Mwaka 1963 alitoa kijitabu cha picha 26 za vituo vya petroli, vya njiani kati ya Los Angeles na Oklahoma. Picha kavu, kama za mtu wa bima. Nakala 400, bei dola 3 na nusu. Maktaba ya Bunge la Marekani ikakikataa, naye akalipia tangazo katika gazeti la sanaa kutangaza kwamba kimekataliwa. Huyo napenda uchokozi wake. Zile nakala 400 za kwanza alizitia namba, halafu akajuta, kwa sababu namba hugeuza kitabu kuwa johari, na yeye alitaka kitabu cha kawaida, cha bei ya kawaida. Matoleo yaliyofuata hayakuwa na namba, na la 1969 lilifika nakala 3,000. Kuna vijana hapa mjini wanatoa nakala kumi, wanazitia namba na saini kwa wino wa dhahabu, kisha wananiuliza kwa nini watu hawasomi.

Lakini mwalimu wangu hasa hakuwa Blake. Marehemu baba alikuwa karani wa shule. Wakubwa mnakumbuka stensili: karatasi ya nta, unaitoa ile riboni ya taipureta, herufi zinapiga nta moja kwa moja na kuitoboa, kisha unaivisha kwenye mashine ya kurudufu na wino unapenya kwenye matundu. Ukikosea, kuna dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapaka, unapuliza, unapiga herufi upya. Mimi ndiye niliyekuwa mpulizaji. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na karatasi akinunua mwenyewe, baba alitolea mtaa mambo yake: ratiba za maulidi, orodha za michango ya harusi, maneno ya nyimbo. Kila mara alitoa nakala kumi na kitu zaidi ya walioalikwa. Nikamwuliza ni za nani. Akasema, "Kuna watu hawakualikwa ambao watataka kuonyesha walikuwapo." Hesabu ya nakala naifanya vile hadi leo.

Sasa niwaambie nilivyoharibu, maana msije mkaondoka hapa mkidhani nina busara.

Baada ya njugu nilipata kichwa. Nikataka kitabu chenye mgongo, kinachosimama kwenye rafu. Kiwanda kimoja kikanipa bei, na mnajua bei za ofseti, ile mashine ya kiwandani, zinavyosema nawe kwa sauti tamu: gharama iko kwenye mabamba na kuiandaa mashine, kwa hiyo nakala 100 ni ghali, 500 karibu ni bei ileile. Nikachukua 500. Nakala 500 za mashairi ya mtu asiyejulikana! Mgongo ukatiwa gundi ya moto, vikaletwa kwa mkokoteni, nikavipanga chini ya kitanda, chumba cha chini, Kibokoni. Mwaka wa kwanza niliuza 120, nusu yake kwa watu wa ukoo wangu. Kisha masika ikaingia. Mji huu hewa yake ni maji na chumvi, hilo hakuna wa kuniambia, nimezaliwa nalo, na bado sikulifikiria. Majalada yakajikunja kama majani ya mkungu. Gundi ikaachia. Ukifungua ukurasa wa 30, unabaki na ukurasa wa 30 mkononi.

Kosa moja nililijua baadaye. Karatasi ina nyuzi, nazo zinalala upande mmoja. Ikunje taratibu bila kuikandamiza, kwanza huku, kisha huku: upande mmoja inakubali, mwingine inakataa. Mgongo wa kitabu ufuate pale inapokubali. Vyangu vilikwenda kinyume, na unyevu ulipoingia kila ukurasa ukawa unauvuta mgongo. A4 nyingi za dukani nyuzi zake zimelala kwa urefu, ndiyo maana kijitabu cha A5 ulichokunja kutoka A4 hakitulii mezani, kinafunguka chenyewe kama mtu mwenye siri. Si dhambi, lakini ujue.

Vilivyobaki nikampelekea mzee wangu wa njugu afungie. Akachana ukurasa mmoja, akaugeuza, akanirudishia. "Hizi zimeandikwa pande zote mbili. Wewe mwenyewe ulinikataza."

Toleo lililofuata lilikuwa nakala 60. Shangazi yangu, Mungu ampe umri, anashona kofia za vito, na ile sindano yake haijui kukosea tundu. Nilimpelekea kurasa zilizokunjwa, akazitazama, akasema hii ni kazi ya watoto. Tukazishona kwa uzi, jioni nne, tukinywa chai. Uzi haujali masika. Na kwa kuwa nilijua kila nakala inakwenda kwa nani, nilibadilisha shairi la mwisho katika nakala sita, kwa watu sita ambao nisingeweza kuwaambia maneno yale usoni. Hakuna kampuni ambayo ingenifanyia hivyo, wala nisingeiomba. Nilikuwa nimeacha kujilinganisha nazo.

Jambo moja hamtalipata kwa kujichapishia, nalo ni mtu wa kuwakatalia. Mtafuteni. Asiwe rafiki anayekupenda sana. Bila yeye utatoa kitabu chenye kosa kwenye jalada, kama nilivyofanya mimi. Sitawaambia ni neno gani, kuna watoto hapa.

Sheria nitazipitia mbio mbio. Hakimiliki unayo tangu unapoiandika kazi yako ikashikika. Kuisajili kwenye bodi ya hakimiliki kunasaidia mkigombana, lakini hakuizalishi. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, hapa Kenya hutolewa na Maktaba ya Taifa, na kijitabu cha kugawa mkononi kinaishi bila namba hiyo. Ukitaka maduka na maktaba, itafute. Mnaotaka kutoa kitu cha kila mwezi chenye habari ndani yake, kuweni macho zaidi. Sheria yetu ya vitabu na magazeti inamdai mwenye gazeti dhamana, na mwaka 2002 dhamana hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Mabadiliko yale hayakuwa na wasiwasi na wenye kampuni kubwa. Muulizeni wakili kabla ya kuandika "toleo la kwanza".

Kijana mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, mama, karatasi za nini, na sote tuna simu? Mwanangu, simu naipenda. Sauti iliyorekodiwa ikatumwa usiku, hiyo ndiyo Muyaka angeitumia, na angewatesa watu nayo. Tatizo lake ni kwamba ikishapitishwa mara ya tano jina lako limeanguka njiani, na mara ya kumi shairi ni la mtu wa Tanga. Watunzi wa tendi walilijua tatizo hilo zamani, kwa sababu kila mnakili ni hatari, ndiyo maana wakaingiza majina yao na tarehe ndani ya beti zenyewe, zikibanwa na vina, ili anayetaka kuiba avunje mizani kwanza. Fanya hivyo kwenye simu yako. Huko nako ni kujichapishia, ukiwa umefikiria itasikilizwa na nani, akiwa matatu ya Likoni au akiwa kitandani. Ukiituma tu kwa makundi yote uliyonayo, hujafikiria.

Basi. Mlipoalikwa, watu 16 wa kwanza waliombwa walete ukurasa mmoja mmoja, shairi au mchoro. Kurasa hizo zilipelekwa fotokopi ng'ambo ya barabara wakati mimi nawapotezea muda hapa, na yule kijana namwona anarudi na bahasha. Karibu, mwanangu, pita mbele.

Tuna A4 nne kwa kila kijitabu, zinakunjwa kati, kurasa 16. Msizichanganye. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande huu, wa 2 na wa 15 upande huu mwingine. Inayofuata ni 14 na 3, kisha 4 na 13. Ukipotea, jumlisha: kurasa mbili zinazotazamana kwenye karatasi iliyokunjuliwa lazima zitoe 17. Stepla ya shingo ndefu iko moja tu, kwa hiyo ipiteni kwa zamu. Wenye uzi, sindano ziko kwa shangazi pale, na msimharakishe. Mikono ifutwe mafuta ya njugu kwanza.

Na nyie mlioketi karibu na dirisha, hebu inueni ile karatasi ya ndani kabisa. Ukurasa wa 8 una mchoro wa mashua. Wa 9 ni mtupu. Aliyeahidi hakuleta. Nani ana kalamu?